Sili Mbili na Injinia wa Ng'ambo

Mimi nina wivu, na sitaanza kwa kujitetea. Kuna wanaume wenye wivu wa simu, wanaokagua nani amepiga na nani ametuma ujumbe. Wengine wana wivu wa nguo; mke akipendeza Jumatano wanataka kujua Jumatano kuna nini. Wivu wangu mimi ni wa maswali. Mke wangu akitatizwa na jambo kazini nataka aniulize mimi, aniulize kabla ya mtu mwingine yeyote, na jibu langu ndilo alifuate. Tangu tuoane ilikuwa hivyo, mpaka kiwanda chake kilipomleta injinia kutoka ng'ambo.

Sisi tuko Busia ya Uganda, na ng'ambo kwetu si Ulaya. Ni Busia ya pili, upande wa Kenya, mahali unapoweza kuvuka ukanunua sukari na kurudi kabla chai haijachemka.

Mimi na mke wangu sote ni mafundi wa pampu. Tulikutana chuo cha ufundi Tororo, tumeinamia pampu moja iliyofunguliwa, naye akaniuliza springi inaangalia upande gani. Nikamjibu. Nadhani nilimwoa kwa ajili ya swali lile. Yeye ni Msamia na mimi ni Mpadhola, kwa hiyo nyumbani tunazungumza Kiswahili cha mpakani, kile ambacho walimu wa Kiswahili wakikisikia hushika kichwa. Mimi nafanya kazi katika kiwanda cha chokaa Tororo na siku za kazi nalala huko, chumba cha kupanga. Yeye yuko kiwanda kidogo cha kusaga mawe ya dhahabu upande wa Sikuda, na nyumba yetu iko Busia. Jumamosi napanda pikipiki yangu narudi. Nikifika nakuta samaki wa Majanji, kule ziwani, wako kwenye mafuta, na kabla sijavua buti swali la kwanza limeshatoka. Kwa nini bearingi hii inapiga kelele ikipoa tu? Kwa nini boliti za upande huu hulegea? Watu wengine hupokelewa kwa kukumbatiwa, mimi nilipokelewa kwa bearingi, na sikutaka vingine.

Sasa niseme juu ya pampu kubwa ya kiwandani kwake. Kwa asiyejua mambo haya, mahali shafti inapoingia ndani ya pampu pana upenyo, na upenyo huo lazima uzibwe huku shafti ikizunguka. Kinachoziba ni sili. Ni pete mbili zilizong'arishwa mpaka unaweza kuona uso wako ndani yake, zimebanwa uso kwa uso, moja ikizunguka na shafti na nyingine imesimama, na kati yake hupita utando mwembamba wa maji wa kuzilainisha. Maji yakiwa safi, sili hukaa miaka. Lakini kiwanda cha mke wangu kinasaga mawe yawe unga, unga unachanganywa na maji, na tope hilo ndilo pampu inalosukuma. Chembe zikiingia kati ya zile pete zinazila kama tupa. Sili za pampu ile zilikuwa zinabadilishwa kila mara, hadi meneja akaacha kumsalimia mke wangu asubuhi.

Dawa yake inajulikana. Unaweka sili mbili badala ya moja, na katikati yake unaingiza maji safi yenye presha kubwa kuliko ya tope. Hapo hata sili ya ndani ikivuja kidogo, maji safi ndiyo yatakayoingia kwenye tope, na tope halitoki. Ubishi uko kwenye kuzipanga. Unaweza kuzipanga mgongo kwa mgongo, kama mume na mke walionuniana kitandani, moja inaangalia pampu na nyingine inaangalia nje. Au unaweza kuzipanga zifuatane, zote zimeangalia upande mmoja. Mimi ni mtu wa mgongo kwa mgongo. Pampu zetu za chokaa zimepangwa hivyo na sijawahi kuitwa Jumapili.

Jumamosi moja nikavua buti, nikakaa, nikangoja swali. Halikuja. Nilipofika nusu ya samaki ndipo alipozungumza.

"Injinia anasema hizi sili zifuate," alisema. "Moja nyuma ya ingine."

"Injinia gani?"

"Ule wa ng'ambo. Wamemleta aangalie hii pampu."

"Na wewe umesema nini?"

"Mimi nakwambia tu venye amesema."

Samaki alinigeukia kinywani akawa pamba. Mtu amevuka mpaka, hajaijua pampu ile hata wiki, na tayari jibu lake limeingia nyumbani kwangu na kukaa mezani. Nilimweleza mke wangu, kwa urefu, kwa nini mgongo kwa mgongo ndiyo njia. Nilichukua vifuniko viwili vya sufuria nikamwonyesha. Alitazama vifuniko, akavichukua, akaenda kuviosha.

"Mwambie injinia wako," nilisema nyuma yake, "sili zikifuatana zinataka urefu. Ile pampu haina shingo ndefu. Nafasi atatoa wapi?"

"Nitamwambia."

Wiki ile yote Tororo sikuwa na mtu kichwani ila injinia. Nilimtafuta kwenye watsapu kwa namba niliyoiona kwenye simu ya mke wangu, na nikapata picha yake: kofia nyeupe ya usalama, shati limechomekwa, tabasamu la mtu aliyelala vizuri. Nilimchukia kwa ile kofia. Mimi yangu ni ya njano na ina ufa. Nilikuwa nikikaza boliti namwona, nikinywa uji namwona, na nikipita chini ya ule mwamba mkubwa wa Tororo jioni namjibu kwa sauti mpaka muuza mahindi mmoja akaniuliza kama niko sawa.

Jumamosi iliyofuata jibu lilikuwa limeshafika kabla yangu.

"Injinia anasema kifuniko ya nyuma tutachonga ingine ndefu kwa lethi. Shafti iko na urefu, ni kifuniko tu ndio fupi. Hapo Tororo kuna watu wanaweza kuichonga."

Lilikuwa jibu zuri, na ndilo lililoniuma. Kama angejibu upumbavu ningelala usingizi. Nikatafuta kosa lingine haraka haraka.

"Na joto? Mwambie pete nne zinasuguana mahali padogo. Joto litatokea wapi?"

Wiki iliyofuata: "Injinia anasema maji safi haitakaa tu. Itaingia chini, itokee juu, izunguke, ibebe hiyo joto."

Sahihi tena. Nikauliza kuhusu pete zenyewe, nikitumaini kwamba angalau hapo ataweka kaboni, ambayo kwenye tope la mawe ni kama kuweka sabuni. Jibu likaja kwamba upande wa tope ni pete ngumu kwa pete ngumu, kaboni ikae mbali. Jumamosi baada ya Jumamosi mambo yakawa hayo. Mimi nampa mke wangu jiwe amrushie injinia, naye Jumamosi inayofuata ananirudishia lile jiwe likiwa limechongwa vizuri. Hakuniuliza swali hata moja katika kipindi chote hicho. Alikuwa ananiletea majibu tu.

Halafu simu. Injinia naye alikuwa Msamia, wa upande ule, kwa hiyo wakizungumza ni Kisamia. Kisamia changu kinatosha kusalimia wakwe na kushukuru chakula. Nilisikia neno pampu, nikasikia neno maji, kisha wakacheka wote wawili, yeye huku na mwenzake kule ndani ya simu. Hakuna kitu kinachochoma roho ya mwanamume kama mkewe kuchekea pampu na mtu mwingine kwa lugha asiyoijua.

"Mnacheka nini?"

"Aii, baba watoto. Ni ndugu yangu wa ukoo. Sisi hatuwezi hata kuoana."

Hilo nilikuwa nalijua. Wasamia wa ukoo mmoja hawaoani hata kama mpaka umewagawa na kila mmoja ana kitambulisho cha nchi yake. Lakini mimi sikuwa naogopa kitanda. Kitanda kingekuwa rahisi, ningejua pa kugombea. Nilimwambia ukoo wao mkubwa sana, kila anayemchekesha anageuka kuwa ndugu yake. Kanisani kesho yake padri aliposema tupeane amani, nilimpa mkono kila aliyekuwa karibu, na moyoni nikahakikisha kwamba injinia hayumo.

Mara ya mwisho tulipobishana ilikuwa juu ya presha.

"Injinia anasema hapa kwetu hii presha ya maji safi haitulii," alisema.

"Kwa nini isitulie? Ya kwangu iko palepale mwaka mzima."

"Ya kwako," alisema.

Mimi nilichosikia ni dharau ya injinia ikipita mdomoni mwa mke wangu, na nilinuna mpaka Jumatatu.

Sili zilipofika mpakani, mke wangu ndiye aliyetumwa forodhani kuzikomboa, na forodhani ukienda hujui utatoka saa ngapi. Nikaona hiyo ndiyo siku yangu. Kazini nilisema jino linaniuma. Nikapanda pikipiki, nikaja na ile barabara ya Busia nimekaza taya kiasi kwamba uongo wangu wa jino ulikaribia kuwa kweli. Nilikuwa nimeipanga hotuba. Ingeanza na chokaa na ingeishia na kumuuliza kama kwao hakuna pampu.

Askari wa getini ananijua, akanifungulia. Injinia alikuwa kwenye benchi la kazi chini ya mabati, peke yake. Alikuwa mfupi kuliko picha yake, ana kitambi, miwani imefungwa uzi, na anatoa karanga mfukoni moja moja. Ile kofia nyeupe ilikuwa juu ya benchi, na ndani yake ameweka nati.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni bwana wa fundi wenu. Natoka Tororo."

Akasimama haraka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shemeji! Nimekungoja sana. Wewe mtu umenitesa, walahi."

"Nimekutesa?"

"Si na hayo maswali yako. Nafasi utatoa wapi, joto litatokea wapi. Kila wiki dada anakuja hapa, 'bwana yangu wa Tororo amesema.' Mimi nilikuwa nataka mgongo kwa mgongo, nikamwambia wazi, hiyo ndiyo najua. Akaniambia, bwana yangu amesema zifuatane, na yeye amekaa na pampu za chokaa miaka mingi. Nikaona basi, sitabishana na mtu sijawahi kumwona. Lakini nimekuja kukubali, shemeji. Umetushinda."

Hotuba yangu ilipotea yote. Kwa muda mfupi, na huo muda nausema kwa raha, nilikuwa mtu aliyeshinda, nasifiwa na yule niliyekuja kumtukana. Kama ningekuwa na akili ningefunga mdomo nikapokea. Lakini wivu ulikuwa umeshanifungua mdomo njiani, haukufungika.

"Mimi sijasema zifuatane," nilisema. "Mimi ni mgongo kwa mgongo tangu chuo."

"Zi, hapana. Usinichezee."

"Nakuambia. Ni wewe ndiye umesema. Kila Jumamosi naambiwa, injinia amesema."

"Mimi?"

"Si wewe?"

Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena akanitazama upya. Kisha akaingiza mkono mfukoni akanipa karanga. Nikazichukua. Tulitafuna tukitazama ile pampu kubwa iliyozimwa, imefunguliwa nyuma, na kifuniko chake kipya kilichochongwa Tororo kimeegemezwa ukutani.

"Sasa kuna kitu lazima uone," alisema.

Alinipeleka upande wa pili, penye saa ya kupimia presha ya maji safi. Nyuma ya ukuta kulikuwa na mfereji, yaani koki ya kuchotea maji, na kwenye mfereji kulikuwa na wanawake na majerikani yao, wengi, wengine wameketi juu ya majerikani wakipiga soga. Kila mfereji ulipofunguliwa, mshale wa saa uliteremka. Ulipofungwa, ukapanda polepole, halafu jerikani lingine likasogezwa.

Tangi lilikuwa moja kwa sili na kwa mfereji. Injinia alinieleza kwamba wenyeji waliruhusu bomba la kiwanda lipite kwenye mashamba yao kwa makubaliano kwamba watapewa maji, na kiangazi, kisima cha kijiji kinapodhoofika, watu wote huja hapo.

"Dada aliniketisha hapa asubuhi nzima," alisema. "Hakusema kitu. Ananionyesha tu mshale. Mimi nikasema, rahisi, tufunge mfereji. Aliniangalia ni kama nimemtukana mamake. Akasema, 'Bwana yangu amesema maji ya watu haifungwi.' Nikasema basi tuweke kipampu kidogo cha presha. Akasema umeme ukipotea ni yale yale."

Nilikuwa sijasema hilo la maji ya watu. Sikujua hata kama mfereji ule upo. Lakini katika yote niliyosingiziwa, hilo nilitamani ningekuwa kweli nimelisema.

Na hapo hata mimi sikuhitaji kuelezwa zaidi. Mgongo kwa mgongo inaishi kwa presha ya maji safi. Ikishuka, tope linaisukuma pete ya ndani, zile nyuso zinaachana, na mchanga unaingia. Zikifuatana, tope lenyewe likija linaibana pete mahali pake, na mzunguko unazitupa chembe nje, mbali na nyuso. Itateseka, lakini itasubiri mpaka jerikani lijae. Hayo nilifundishwa chuoni, dawati moja na mke wangu. Kule kwangu tangi ni langu na kipampu cha presha ni changu, hakuna mama wa Tororo anayekuja kuchota katikati ya sili zangu. Basi sikufikiri kuuliza presha ya huku inakwenda wapi. Nilikuwa nashindana na kofia.

Niseme tu kwamba baadaye zilifungwa hivyo, zikifuatana, na zimekaa. Meneja amerudia kusalimia.

Siku ile nilirudi nyumbani polepole. Mtu akigundua kwamba yule aliyemwonea wivu hana kosa, wanasema moyo hutulia. Wangu haukutulia. Ulikosa mtu wa kumkalia ukamhamia mke wangu. Nilimwona akilini ameketi pale kwenye mfereji na wanawake wenzake, anatazama mshale unapanda na kushuka, na jibu linamjia lenyewe bila mimi. Halafu akatubeba sisi wanaume wawili, mmoja mkono huu na mmoja mkono huu, jinsi unavyobeba majerikani mawili ili usipinde mgongo. Kwa injinia mimi ndimi nilikuwa akili, na kwangu injinia ndiye alikuwa akili. Mwenye akili yake alikuwa anaosha vifuniko vya sufuria. Nilimwonea wivu mke wangu kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote mwenye kofia ya rangi yoyote.

Alikuwa ameshafika. Sanduku la sili lilikuwa mezani, limefunguliwa, naye amenawa mikono na anazipangusa pete kwa kitambaa laini bila kuzigusa nyuso kwa kidole. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Jasho la kidole tu linatosha kuacha alama.

"Leo si Jumamosi," alisema. "Kuna nini?"

"Nimetoka kwa injinia wako."

Mkono ulisimama kidogo, ukaendelea.

"Amesema nini?"

"Amesema ni mimi nimechagua sili zifuatane."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema ni yeye."

Aliweka pete juu ya kitambaa. Nilifikiri atacheka, na kama angecheka ningecheka naye, jambo likaisha. Hakucheka.

"Kwa nini hukusema ni wewe?" niliuliza. "Miezi yote hii."

"Nilisema. Kabla hata injinia hajakuja. Wewe ulikuwa umekaa hapo hapo, unakula. Nikakwambia, baba watoto, mimi naona hizi sili zifuate, kwa sababu ya hii maji. Na wewe ukaniambia..."

"Mimi sikumbuki kitu kama hicho," nilisema. "Na hata kama ulisema, hukunieleza habari ya mfereji. Ungenieleza vizuri mambo ya presha, mimi si mtu wa kukataa. Mimi ningekuuliza tu mshale unashuka mpaka wapi, tukapiga hesabu pamoja, kwa sababu presha ikishuka kiasi fulani hata mtu wa mgongo kwa mgongo anajua kwamba..."

Nilisikia sauti yangu. Alikuwa amenyamaza katikati ya neno lake, kitambaa mkononi, macho kwangu, bila hasira, ananingoja.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

Akachukua pete nyingine akaanza kuipangusa. Pale alipokuwa ameishia hakuparudia, na mpaka leo sijui siku ile nilimwambia nini.